Maksai Juu ya Lori

Wahenga hawakuwahi kuona seva, lakini tabia yake waliijua. Walisema anayeng'ang'ania mambo mawili kwa wakati mmoja, jambo moja litamtoka mkononi. Muulizeni Violeth wa Dodoma, fundi wa mfumo wa kutafuta mifugo kwa chapa, awaeleze jinsi siku ya mnada wa Chemba ilivyomtoa kijasho chembamba.

Simu iliita. Alikuwa Nurdini, karani wa mnadani.

"Da Violeth, tumekwisha! Mzee Romani amewaona maksai wake walioibiwa, wako juu ya lori! Mwenye lori anasema bila ushahidi anaondoka nao. Nikitafuta chapa, inazunguka weee, kisha inaleta kosa!"

Nyuma yake mzee alisikika akilia, "Mvua hiyo inakuja, nitalima na nini mimi?"

"Izime seva, uiwashe," alisema Nathanaeli, mkuu wake, aliyekuwa naye ofisini. Violeth akaizima, akaiwasha. Ilipata nafuu kidogo, kisha ikazidiwa tena.

Violeth akafungua kumbukumbu za makosa. Lo! Kila ng'ombe mmoja alipoandikishwa getini, seva iliacha kujibu ikaanza kupanga upya faharasa, ile orodha inayoionyesha kila chapa ilipo. Na siku ya mnada ng'ombe huingia kama siafu! Aibu ilimshika, kwani ni yeye aliyeipangia seva ifanye hivyo, akawatambia makarani kwamba ng'ombe ataonekana kwenye mfumo kabla mkia wake haujavuka geti.

"Nasitisha kupanga faharasa," alisema.

"Na ng'ombe wapya?" Nathanaeli akashtuka. "Makarani watatupigia kelele!"

"Wapige. Wapya watasubiri foleni, tutawaingiza kwa mkupuo mnada ukitulia. Nurdini, tafuta sasa!"

Lori lilisikika likinguruma. Mara Nurdini akapiga ukelele: "Imekuja! Chapa yake, jina lake, na picha ya maksai wote wawili!"

Polisi wa mnadani akamwamuru dereva azime injini. Maksai wakashushwa, vigelegele vikajaa simuni.

"Shikamoo, mzee," alisema Violeth, Romani alipopewa simu.

"Marahaba, mwanangu. Sasa mvua na ije!"

Nathanaeli akacheka. "Na ule mkia uliotamba nao?"

"Mkia utafuata baadaye, bosi," alijibu Violeth, akifuta machozi ya furaha.

Tangu hapo, siku za mnada seva yake hujibu maswali kwanza, na jioni ndipo hupanga faharasa. Hakika, mshika mbili moja humponyoka.