Kiota cha Bi Kijoli

Paukwa!

Pakawa!

Na wewe unayesinzia pale, mbona hujaitika? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, ndege wa mlimani na ndege wa bondeni walipigana vita vibaya, vibaya, vibaya. Walipopatana, hakuna aliyejua kusuka kiota tena. Wasukaji walikuwa wamekufa vitani, na vifaranga walikulia kwenye mashimo ya mawe.

Basi akaja Korongo kutoka nchi ya mbali, roho nzuri ajabu! Akawasukia viota mti hadi mti. Lakini kwao mvua hainyeshi, kwa hiyo viota vyake vilikuwa wazi juu kama bakuli. Masika yalipofika vikajaa maji, na mayai ya Bi Kijoli, mnana wa mlimani, yakaharibika yote. Alilia, maskini, mpaka sauti ikamkauka.

Sasa alikuwa karibu kutaga tena, na mawingu hayo yanakuja.

"Tulia, mama, umeteseka mno," Korongo akamwambia. "Nitakusukia kingine."

"Huruma yako nimeipokea, baba. Sasa nipe unyasi."

"Utachelewa!"

"Nipe unyasi."

"Utakosea!"

"Nipe unyasi, nawe ukae!"

Korongo akakaa, mdomo unamwasha. Bi Kijoli alikumbuka kwamba mama yake alianza kwa kusuka pete. Akasuka, ikafumuka. Akasuka, ikafumuka. Akasuka, ikashika. Lakini mlango auweke wapi? Hilo hakulijua.

Kwenye tawi la pili alikuwapo Shindo, mnana wa bondeni. Jamaa zake ndio waliomuua mume wa Bi Kijoli. Alipomwona amekwama, akasema kwa woga, "Marehemu baba yangu alikuwa anauelekeza mlango chini, dada. Mvua inapita nje."

Bi Kijoli akamtazama. Moyo ulimuuma, wallahi. Mwisho akasema, "Njoo basi, kaka. Shika upande ule."

Kiota kikaisha, Bi Kijoli akataga humo. Mvua ikanyesha mpaka ikachoka yenyewe. Kiota kikabembea, kikabembea, kikabembea, na ndani yai halikulowa hata kidogo.

Kulipokucha ndege wote, wa mlimani na wa bondeni, wakajazana kwa Bi Kijoli na Shindo kujifunza. Korongo alipokuja kuaga, alitarajia vilio. Hakuna aliyemwambia hata kwaheri: kila mdomo ulikuwa umeshika unyasi. Akacheka peke yake, akaruka zake.

Hadithi yangu imetua hapo. Kalaleni.