Firigisi ya Mzee Senzighe

Msemaji wa mtoto hulala njaa. Ndivyo nilivyosema jana, na ndivyo methali yenyewe ilivyo. Wewe Eliwaza ulimwona shangazi yako Navoneiwa anakataa chai ya jirani, ukakimbilia kusema shangazi ana maringo siku hizi, kazi ya ustawi wa jamii imempanda kichwani. Maringo gani? Yule jirani anagombea mtoto na mumewe, na mahakama imemtuma shangazi yako akaangalie hali ya huyo mtoto. Angeinywa ile chai, kufikia leo asubuhi mume wa jirani angekuwa uwanjani hapa anapiga kelele. Haya, sogeeni kwa bibi yenu, wewe na wenzako. Chukueni visu mkwangue tangawizi, masikio hayana kazi na mikono. Methali hii ina chanzo chake, na chanzo hicho nilikiona mwenyewe, kwa hiyo asinikatishe mtu.

Alikuwapo hapa milimani mwanamke aitwaye Nakiete. Aliolewa na Eliamani, kijana wa huku huku aliyeshuka tambarare, kwenye mji wa reli, akafungua karakana ya baiskeli. Wakakaa vizuri, kisha wakakaa vibaya, mwisho ndoa ikavunjika. Nakiete akarudi kwao huku juu na mtoto wao wa pekee, Tumsifu, msichana ambaye ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yanamtoka. Eliamani akasema mtoto ni wa ukoo wa baba, tangu lini mtoto akafuata kanga ya mama yake? Nakiete akasema mtoto bado mdogo, haendi popote. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakanywa dengelua, pombe yetu ya miwa, wakashindwa. Na sisi Wapare mnatujua. Watu hututania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanatania, ila hawasemi uongo sana. Shauri likafika Mahakama ya Mwanzo.

Hakimu akaamuru kwamba wakati kesi inasikilizwa, mtoto akae kwa zamu, wiki kwa baba na wiki kwa mama. Basi mtoto akaanza kukonda. Jamani, alikonda! Shingo ikawa nyembamba, gauni la shule likawa linamvuka mabegani. Nakiete akasimama mahakamani akasema, "Kule tambarare wanamnyima chakula." Eliamani naye akasimama, "Ni huko kwao mlimani wanamnyima!" Wajomba wakapiga kelele upande huu, baba wadogo wakapiga kelele upande ule, na mtoto ameketi kwenye benchi, miguu inaning'inia, hakuna anayemtazama.

Hakimu akagonga meza. Alikuwa mgeni, mtu wa pwani, mpole, lakini siku hiyo alikasirika. Akasema, "Kila mtu humu ndani ana wa kumsemea. Baba ana watu wake, mama ana watu wake. Mtoto ana nani?" Akamtazama mtoto pale kwenye benchi. "Basi nitamteulia msemaji wake. Nipeni mtu mzima asiye wa ukoo huu wala ule."

Ukitafuta hapa mtu asiye wa ukoo huu wala ule utahangaika, maana sote tumeoana. Likapatikana jina moja, Mzee Senzighe, mwashi, aliyehamia huku kutoka upande wa pili wa milima na kumwoa dada yangu. Jina lilipotajwa watu wakaangua kicheko mbele ya hakimu. Si kwamba Senzighe alikuwa mtu mbaya, la. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, ukuta wake hauwezi kupinda. Lakini yule bwana na chakula! Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kuuliza kaburi limefikia wapi, na wa kwanza kuuliza sufuria limefikia wapi. Dada yangu alikuwa akipika kana kwamba ana mgeni kila siku, na mgeni mwenyewe ni mumewe.

Hakimu akamwambia, "Mzee, nenda kwenye nyumba zote mbili. Lala huko, uone mtoto anavyolala na anavyoamka. Msikilize. Kisha uje uniambie mimi. Kuanzia leo wewe si wa baba wala wa mama. Wewe ni wa mtoto."

"Nimekuelewa, Mheshimiwa," akasema Senzighe. Hakuwa ameelewa kitu.

Akaanza kwa baba, maana ilikuwa wiki yake. Eliamani alimpokea kwa heshima, akachinja kuku. Na firigisi mnajua hupewa nani. Firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, au mgeni anayeheshimiwa kumpita mwenye nyumba. Eliamani akamwekea Senzighe firigisi juu kabisa ya sahani, na Senzighe akaila, akalamba vidole, akasema, "Ahsante mwanangu, hapa kuna adabu." Alishiba akalala fofofo. Asubuhi akamchukua mtoto kumpandisha kwa mama yake.

Sasa, habari ya firigisi ilipanda mlima kabla yake. Sijui ilipita njia gani. Alipofika kwa Nakiete alikuta wamechinja kuku wawili, na kwenye sahani yake firigisi mbili. Mtu mwingine angeshtuka. Senzighe akajisemea moyoni: nikila kote, hakuna atakayesema nimeegemea upande. Akala. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la kwetu sisi, tunaodhani haki ni kushiba kila nyumba.

Kesho yake asubuhi akamfuata Tumsifu ndivani, pale kwenye bwawa la kumwagilia mashamba, mtoto alikokwenda kuchota maji. Akakaa juu ya ukuta akamwambia, "Tumsifu mjukuu wangu, hakimu anataka kujua unapenda kukaa wapi. Niambie mimi."

Mtoto akamtazama. "Babu, kuku wa baba alikuwa mtamu?"

"Mtamu sana."

"Na wa mama?"

"Naye mtamu sana."

"Hata mimi, nikiwa kwa baba nasema wa baba ndiye mtamu. Nikiwa kwa mama nasema wa mama." Akajitwika ndoo yake. "Wewe ni kama mimi tu, Babu."

Akaondoka, akamwacha pale. Senzighe alirudi nyumbani akamweleza dada yangu maneno hayo, na nilikuwapo jikoni nawasha moto. Alisema yamemkaa kooni kuliko mfupa. Dada akampakulia makande. Siku ile, na hii naapa, aliyaacha nusu.

Zamu ya mama iliporudi akapanda tena kwa Nakiete. Sahani ikaja imejaa. Senzighe akasema, "Ahsante, mwanangu. Leo sili."

Mnaelewa maana yake? Kukataa chakula cha mtu nyumbani kwake ni kumwambia mchawi wewe, umenitilia kitu. Nakiete akabaki na sahani mkononi. "Baba Senzighe, kwa Eliamani umekula firigisi, kwangu mimi unaogopa sumu?"

"Siogopi kitu. Nina kazi."

"Kazi gani hiyo isiyotaka chakula?"

 Senzighe asingeweza hata kutoa kiazi alichokuja nacho mfukoni, maana kula chakula chako ndani ya nyumba ya mtu ni tusi kubwa kuliko lile la kwanza. Akakaa tu kwenye kigoda, tumbo linanguruma, mikono magotini. Na kwa kuwa hakuwa na la kutazama sahanini, akamtazama mtoto.

Nakiete alimsogezea Tumsifu chakula. "Kula, mama yangu. Kwa baba yako wanakupikia hivi? Eh? Sema basi. Nani anakupenda zaidi?"

Mkono wa mtoto ulikuwa njiani kwenda mdomoni, ukasimama. "Wewe, mama." Tonge likarudi sahanini. "Nimeshiba."

"Umeona, Baba Senzighe?" Nakiete machozi yakamlenga. "Akitoka kule hana hamu ya kula. Sijui wanamfanya nini mwanangu."

Senzighe akalala njaa. Siku ya zamu akamteremsha mtoto tambarare, na kwa Eliamani akakataa vilevile. Eliamani ana hasira za haraka yule. "Hutaki chakula changu? Basi lala njaa!" Kisha akaketi na binti yake, akamchambulia nyama mwenyewe kwa mikono yake, mnofu mnofu, maana alimpenda, msidhani hakumpenda. Akasema, "Kula, binti. Huko juu unapata nyama kama hii? Waambie watu ukweli. Kwa baba na kwa mama, wapi pazuri?"

"Hapa, baba. Nimeshiba."

Asubuhi mtoto akamkuta Senzighe barazani, amekunja mikono tumboni. Akamuuliza, "Babu, una njaa?"

"Ninayo, mjukuu wangu. Kali sana."

"Hata mimi," akasema Tumsifu, akakaa karibu yake. Hapo ndipo alipoanza kusema, na alisema yote, kwa sauti ya chini, huku akichora chini kwa kidole cha mguu.

Siku ya kesi mahakama ilijaa hadi madirishani. Mjomba wa Nakiete akawahi kusimama. "Mheshimiwa, huyu mzee hatumtaki, alikula firigisi ya upande ule!" Ndugu wa Eliamani naye akajibu, "Na kwenu alikula mbili!" Watu wakacheka. Hakimu akawanyamazisha, akamuuliza Senzighe amemwonaje mtoto.

"Mheshimiwa," akasema, "mtoto ana njaa."

Kelele ilipanda! Si nilisema! Ni kwenu! Ni kwenu ninyi! Senzighe akangoja wachoke.

"Kote kuna chakula," akasema. "Nimekila, ni kizuri. Lakini kote kinakuja na swali. Mama yake akimpa tonge anamuuliza, nani anakupenda zaidi? Baba yake akimpa mnofu anamuuliza, wapi pazuri? Mtoto akijibu, tonge halipiti. Mwanzoni sikuona, kwa sababu nilikuwa nimeinamia sahani. Nilipokaa na njaa ndipo nikaona."

Hakuna aliyecheka tena. Nakiete alijifunika uso kwa kanga. Eliamani alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyekuwa katili pale, watoto wangu, na hilo ndilo lililoniuma. Wote wawili walimpenda mtoto, wakamtia njaa kwa mapenzi.

"Na mtoto anataka nini?" hakimu akauliza.

"Anataka kukaa na mama yake, karibu na shule na wenzake. Shule ikifungwa ashuke kwa baba yake, kwa kuwa baba ndiye anayemfundisha baiskeli, na bado hajajua kukata kona. Ameniomba niseme mimi ili asiseme yeye, Mheshimiwa. Kasema yule asiyetajwa kwanza atalia, na hataki amlize mtu."

Hakimu akaamua hivyo hivyo. Akaongeza na sharti moja: katika nyumba zote mbili, mtoto akiwa anakula, asiulizwe kitu.

Nje ya mahakama palikuwa na banda la mama ntilie. Nakiete akanunua sahani ya wali maharage, Eliamani akaongeza kipande cha nyama, wakaiweka mbele ya Tumsifu. Wakakaa, mmoja huku, mwingine kule. Nilimwona Nakiete anafungua mdomo, akaufunga. Eliamani akauma mdomo wake. Umati mzima umesimama, hakuna anayekohoa. Mtoto akawatazama, mmoja, kisha mwingine. Akasubiri swali. Halikuja. Akala. Akala wali, akala maharage, akala nyama, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Mama, naomba tena." Nakiete akalia kama aliyefiwa.

Katika ule ukimya tumbo la Senzighe likanguruma, likasikika hadi barabarani. Watu wakaangua kicheko. Eliamani akaja na sahani, Nakiete na sahani. Senzighe akamtupia hakimu jicho kwanza. Hakimu akasema, "Kesi imekwisha, mzee. Kula." Akazipokea zote mbili. Alipofika katikati ya sahani ya pili akainua kichwa akasema, "Siku mkimtafuta mwingine wa kazi hii, mwambieni mapema. Msemaji wa mtoto hulala njaa."

Eh, huyo shangazi yenu anaingia, tazameni miguu ilivyojaa vumbi. Alitoka tangu asubuhi, na huko alikokwenda najua hajagusa hata maji. Eliwaza, kampakulie makande. Na wewe ninakujua, ulimi unakuwasha, unataka kumuuliza nani atapewa mtoto wa jirani.

Eliwaza akaenda jikoni, akarudi na sahani iliyojaa, akaiweka mbele ya shangazi yake. Akafungua mdomo, akamtazama bibi, akaufunga. Akaketi, akashika kisu na kipande cha tangawizi. Shangazi Navoneiwa alikula hadi mwisho bila kuulizwa neno, kisha akashusha pumzi akasema, "Mama, leo nilikuwa na njaa."

"Najua, mwanangu," bibi akasema. "Msemaji wa mtoto hulala njaa."