Sange, Kenge na Korja Mia za Kumbikumbi

Nije?

Njoo.

Nije na uwongo wangu?

Njoo nao, tumeshakaa.

Siku hiyo walikuwepo Kanga mwenye mayai, Kenge mla mayai, Kobe aliyekuwa anapita tu, na Sange, yule mdogo kama panya mwenye pua ndefu kama mrija. Wengine hawakuwepo. Mimi pia sikuwepo. Ningekuwepo ningelia.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kanga alikwenda kunywa maji, akarudi, akamkuta Kenge amelala juu ya kiota chake, mkia huku, kichwa kule. Mayai yalikuwa ishirini, korja kamili, yote saizi moja. Kanga akabaki na mguu mmoja juu.

"Mbona umeduwaa, shemeji?" Kenge akamwuliza. "Kaa tule."

"Kesho wanaanguliwa," Kanga akasema. "Nimewalalia siku ishirini na tano."

"Basi wameiva."

Sange akatoka kichakani, puku-puku, puku-puku. Akatega sikio karibu na yai moja. Ndani kulikuwa na ko, ko, ko. Hakusema alichosikia.

"Kula, mjomba," akasema. "Ila yai ni ganda na ute. Pale kichuguuni kumbikumbi wanatoka, wamejaa mafuta. Tukikupimia uzito wa mayai yote haya, utatuachia mayai?"

Kenge akameza mate, gudu. "Uzito kwa uzito, nakubali. Na nataka niambiwe idadi yao, nisipunjwe. Akipungua mmoja, nakula mayai na mama yao juu yake."

Sasa nani atawahesabu kumbikumbi wote hao, na wanatambaa?

"Mimi nina mgongo tu," Kobe akasema. Akalala chini. Sange akaweka fimbo juu ya gamba lake, ikawa mizani. Huku yai moja, huku jani tupu. Kanga akachota kumbikumbi, Sange akawahesabu ishirini ishirini. Korja moja, fimbo kimya. Korja mbili, fimbo kimya. Korja tatu, nne, fimbo kimya. Korja ya tano, fimbo ikalala sawa, tii.

"Yai moja ni korja tano," Sange akasema. "Kumbikumbi mia."

Baada ya hapo hakuhesabu tena. Anajaza jani, fimbo inalala sawa, tii, analiweka kivulini. Anajaza jani, tii, kivulini. Mpaka majani yakawa ishirini. Muda wote huo Kobe hakukohoa, hata nzi alipomtua puani.

"Tayari, mjomba. Korja mia. Kumbikumbi elfu mbili."

Macho yakamtoka Kenge. "Umehesabu jani moja tu, nimekuona. Hayo kumi na tisa umejuaje?"

"Fimbo imehesabu."

"Fimbo haijui kuhesabu."

"Inajua uzito. Jani la kwanza lina mia. Yakiwa majani ishirini ya uzito uleule, ni elfu mbili. Lakini usihangaike kuwahesabu, mjomba. Niamini tu."

Jamani, Kenge aambiwe aamini? Akashuka kiotani, akaenda kivulini. Kanga akajipenyeza polepole juu ya mayai yake.

Kenge akahesabu. Mmoja, wawili, watatu, mpaka jua likapinda. Hakula hata mmoja, asije akaharibu hesabu. Akapata elfu moja na mia saba.

"Wamepungua."

"Labda umeruka korja, mjomba. Anza tena."

Akaanza tena. Mmoja, wawili, watatu, mpaka jua likazama. Elfu moja na mia mbili.

"Wamepungua."

"Anza tena, mjomba."

Asubuhi akaanza tena. Mia nne. Kumbe kumbikumbi wana kawaida yao: wanaangusha mabawa, kisha wanaingia ardhini. Adhuhuri ilimkuta Kenge amekaa mbele ya rundo la mabawa, mdomo wazi, ulimi nje.

"Wako wapi?"

"Hata mimi sijui," Sange akasema. "Lakini ukitaka kujua walikuwa wangapi, ni rahisi. Kila mmoja ana mabawa manne. Hesabu mabawa, ugawe kwa nne."

Kenge akageukia kiota. Maganda matupu. Kule kwenye majani marefu akasikia pii, pii, pii, na mama mmoja akiwaambia wanawe watembee haraka.

Basi funzo lake, watoto wangu, ni hili: hesabu ni kitu kibaya sana. Ukipewa chakula, kula. Kuna aliyehesabu akalala njaa. Na kesho mwalimu akiwauliza, msiseme mmelisikia kwangu.

Uwongo wangu nimeutua hapa, mwenye nguvu aubebe.

Kobe aliumwa mgongo siku tatu, na kila asubuhi Kanga alimpelekea jani bichi.