Ukuta wa Tembo na Mlango wa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika uji na kupangusa miguu mlangoni, Tembo na Kiboko walijenga bwawa. Tembo alijenga ukuta. Kiboko alitengeneza mlango wa maji, akaufunga kwa kamba kwenye kibuyu kinachoelea. Maji yakipanda, kibuyu kinapanda, kamba inavutika, mlango unajifungua wenyewe.

Chini ya bwawa aliishi Bi Pimbi, mnyama asiyemzidi sungura kwa umbo, pamoja na wanawe. Mawingu ya masika yalipotanda, moyo haukumtulia. Akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Naomba tulikague bwawa kabla ya mvua."

"Marahaba. Ukuta wangu ni mzima. Ukaguzi wa nini?"

Kiboko, aliyekuwa amejilaza kando yake, naye alipiga mwayo, aaah. "Mlango wangu nimeshaujaribu, unafunguka vizuri. Mvua ikinyesha tutaona."

Hiyo "tutaona" ilimchoma Bi Pimbi, maana nyumba ya kwanza kusombwa ingekuwa yake. Akabadilisha maneno.

"Basi karibuni kwangu mnywe uji, mvua ikikaribia. Njooni na wake zenu na watoto."

Uji hawakuukataa. Walikuja wote, wakajibana uani, watoto wakacheza chini ya ukuta. Bi Pimbi akawa anamimina uji, tena kwa upole sana.

"Mzee Tembo, ukuta wako unahimili maji mpaka wapi?"

"Mpaka magotini kwangu. Hapo Kiboko anakuwa ameshafungua."

Kiboko akapaliwa, kho, kho. "Magotini? Kamba yangu nimeipima masikioni kwako."

"Nani alikwambia masikioni?"

"Si ulisema ukuta mzima?"

Ngurrr, radi ikanguruma. Mke wa Tembo akautazama ukuta, akawatazama wanawe, kisha akamtazama mumewe. "Baba watoto, bado unakunywa uji?"

Wakatoka mbio, vishindo puu, puu. Tembo akasimama bwawani awe kipimo, Kiboko akafupisha kamba. Mvua ikamwagika. Maji yalipofika magotini, mlango ukafunguka, yakateremka mtoni taratibu.

Kiboko akarudi ameloa chapachapa. "Bi Pimbi, kumbe ulituita kutukagua."

"Niliomba kukagua mkakataa," akajibu. "Uji mkaukubali."

Tembo akacheka hadi mkonga ukatikisika, akaomba aongezewe.

Basi wanangu, kazi ya wawili haijawa nzima mpaka kila mmoja amwulize mwenzake anamtegemea kwa lipi.