Mila ya Gati Kuukuu

Gati kuukuu lilikuwa limelala miaka arobaini. Mheshimiwa Shamte, kwa huruma zake zisizo na kifani, akaamua kulikarabati. Mbao za mvule zilizonunuliwa kwa kazi hiyo alizipeleka nyumbani kwake, akamletea Fundi Mwinyikai mbao zilizoliwa na mchwa.

"Zipake rangi tu," aliamuru.

"Hewala, Mheshimiwa. Ila mila ya gati hili waijua: siku ya ufunguzi, aliyelikarabati huketi katikati yake na ng'ombe wawili, watu wakimchezea ngoma."

Mheshimiwa alikohoa. Kabla ya adhuhuri mvule wote ulikuwa umerudi, pamoja na milango miwili iliyokwisha kuchongwa.

Siku ya ufunguzi gati halikutikisika. Mpiga ngoma akamnong'oneza fundi, "Mila hii ilianza lini?"

"Jumanne," alijibu Mwinyikai, "nilipoziona zile mbao."