Gauni Lililovaliwa Ndani Nje

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kuwa kitu kizuri hufuatwa kilipo, lakini kibovu hakina budi kuzunguka kikijisifu, kama mchumba aliyekwisha kukataliwa mtaa mzima.

Palikuwa na mjane mmoja, fundi cherehani. Watu walimbandika kwa kejeli jina la Bi Ndani, kwa sababu kila mshono aliukunja na kuulaza upande wa ndani hadi ukawa safi sawa na wa nje. Desturi hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa akisema kwamba ngozi ndiyo mteja wa kwanza. Ng'ambo ya barabara, fundi mwenzake alikuwa na kipaza sauti cha kuitia wateja, na gauni lake lilikuwa tayari kabla Bi Ndani hajamaliza mkono mmoja. Wateja wakavuka barabara kama kuku walioona mtama.

Chumba cha kushonea kilikuwa mali ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi. Wifi alimwambia wazi kwamba asipobadilika, arusi ya binti yake yeye wifi ikipita tu, cherehani itatoka na pale litakaa friji la soda.

"Wifi, nani atakuja kunichungulia ndani ya gauni? Shona kama wenzio."

Jioni hiyo Bi Ndani alijaribu. Bega la gauni la wifi mwenyewe la kuvaa arusini alilishona harakaharaka, nyuzi zikachomoza kama ndevu za beberu. Alilitazama, akajiona kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Akachukua wembe, akalifumua bega zima, akalishona upya kwa mkono wake wa siku zote, na moyo wake ukatulia kama maji mtungini. Asubuhi alimkabidhi wifi gauni.

"Chumba ni chako, wifi. Cherehani ukiitoa, nitaibeba. Lakini mkono huu ni wangu, nao haujui kushona vingine."

Wifi akasonya, ila gauni akalichukua. Kusonya ni bure, na gauni nalo lilikuwa la bure.

Siku ya arusi kioo kilitekwa na bibi arusi, hivyo wifi, mama mtu, akavaa mbiombio nyuma ya kabati. Kitambaa kilikuwa cha rangi moja, hakina mgongo wala tumbo. Alicheza, akasifiwa. Hata mama wa bwana arusi akamwuliza ni nani aliyembunia kile kimkoba kizuri cha kiunoni. Wifi akapapasa. Kumbe ni mfuko wa gauni! Alikuwa amelivaa ndani nje tangu asubuhi, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyejua. Papo hapo shangazi mtu, aliyeshonewa na yule wa kipaza sauti, aliinua mikono acheze, na kwapa la gauni likachanika, likapiga kigelegele kabla yake.

Mwingine angejificha. Wifi alisimama katikati ya wageni.

"Nimevaa ndani nje, jamani. Mwenye macho anionyeshe kosa. Aliyeshona ni yule pale, wifi yangu."

Bi Ndani akasimama, shingo wima.

Friji halikuja. Wifi mwenyewe aliisogeza cherehani hadi mlangoni, na lile jina la kejeli Bi Ndani akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Wateja huja bila kuitwa, na kabla hawajalipa hugeuza nguo, wakachungulia ndani, wakatabasamu. Kile kipaza sauti nacho kimefungwa kwenye baiskeli, kinapita mtaa kwa mtaa kikikauka koo. Naam, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.