Hirizi ya Kuzuia Mkuki

Enzi za majumbe wenye matumbo, Jumbe Mapanga alimpokonya mama mmoja muuza hirizi, aitwaye Mashavu, beberu wake. Kisha akamwita.

"Nitengenezee hirizi ya kuzuia mkuki. Ikifanya kazi, utapata beberu wako. Isipofanya, utakufa."

Kesho yake Mashavu alileta kifurushi cha ngozi nyeusi. Jumbe akashika mkuki.

"Ivae wewe kwanza, nikuchome tuone."

"Sawa, bwana mkubwa," Mashavu akasema, akaanza kuifunga shingoni. "Ila ujue, hirizi hii humkinga yule wa kwanza kuivaa, maisha yake yote, wala haihamii kwa mwingine. Ukinichoma nisife, utakuwa umejitengenezea adui asiyepenywa na mkuki. Na adui mwenyewe umeshamchukulia beberu."

Jumbe akamnyang'anya hirizi, akaivaa yeye.

"Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Si uchomwe?" Mashavu akawageukia walinzi. "Jamani, nani yuko tayari kumchoma Jumbe?"

Walinzi wote wakanyoosha mikono. Mpishi naye akatoka jikoni mbio, kisu mkononi.

"Inafanya kazi!" Jumbe akapiga kelele. "Naisikia mwilini! Mpeni beberu wake aende zake!"

Njiani beberu akaangusha mavi. Mashavu akainama, akaokota punje chache, akazifunga kwenye ngozi nyeusi kama alivyozifunga zile za kwanza. Majumbe walikuwa bado wengi.